Mimi Nilikuwa Machi

Barua ilisema: ni kazi ndogo tu ya nyumbani,
tuone mkono wako.
Ndogo. Risiti mia sita na kumi na mbili za mwaka jana,
zimepigwa picha zikiwa zimekunjamana,
nyingine zina duara la kikombe cha chai,
na siku nne.

Nilishapita hatua ya kwanza, fomu,
na ya pili, maswali tisini,
moja likiuliza ningekuwa mnyama ningekuwa yupi.
Nikajibu punda. Nilidhani natania.

Juni ya Mbeya mnaijua.
Ukungu unashuka Loleza hadi kizingitini,
mama anaweka jiko la mkaa katikati ya chumba,
na mimi na kompyuta ya Ambakisye, ya kuazima,
tunagombea joto lake.
Bando nilinunua kwa hela ya viazi.
LUKU ilipoanza kulia usiku wa pili
mama hakusema neno,
alifungua fundo la khanga.

Lakini nisiseme uongo: nilifurahi.
Miaka mitatu tangu chuo sijashika hesabu ya kweli,
na hii ilikuwa ya kweli, ilinuka dizeli.
Nikamjua dereva wao, Sanga:
kila Jumanne chai na chapati mbili, Igawa;
faini moja Makambako;
na tarehe kumi na tisa, nyuma ya risiti ya maegesho,
kwa kalamu inayokwisha wino:
*Tairi la nyuma kushoto limechoka. Naomba jipya.*
Nikaitafuta risiti ya tairi mpaka macho yakawasha.
Haikuwepo.
Nikakuta dizeli iliyolipwa mara mbili,
laki nane na arobaini elfu,
nikaipigia mstari mwekundu
kama mtu anayemwonyesha mwenye nyumba
nyoka aliyejikunja darini.

Nikatuma alfajiri ya siku ya nne.
Wakajibu: tumepokea.
Viazi vikang'olewa, mashamba yakalimwa upya,
tumepokea.

Oktoba, Mwanjelwa, kibanda cha fotokopi.
Natoa nakala za vyeti vilevile
mpaka mwenye mashine anajua alama zangu za hisabati.
Mbele yangu dada mmoja anamcheka mtu kwenye simu:
"... na yule dereva wa chai ya Igawa!"
Nikamgusa bega.
"Sanga?"
Akageuka kana kwamba nimemtajia nduguye.
"Umemjuaje?"
"Chapati mbili."
"Kwangu ilikuwa moja," akasema. "Mimi nilipewa Agosti."

Tukakaa kwenye ngazi za duka, vyeti mapajani.
Nsubili wa Iyunga, Januari.
Kijana wa Makete aliyekuja na blanketi begani, Mei.
Kila mtu na mwezi wake,
kila mtu peke yake usiku,
akidhani anapimwa.

Mchuzi huonjwa kwa ncha ya ulimi.
Hawa walionja
mpaka wakakomba chungu,
wakatuachia kukiosha.
Nasikia mkaguzi aliwasifu: vitabu safi.
Na nafasi ya mhasibu, ile moja,
imetangazwa tena.

Sasa tumefika kumi na mmoja.
Jumamosi tunakutana kwa mama lishe, nyuma ya stendi ya Kabwe,
kila mtu anajilipia chai yake.
Tungeweza kuongea habari ya wakili, na tunaongea,
lakini mazungumzo yanateleza, yanarudi barabarani.
Agosti anasema tairi lilizibwa mara tatu.
Oktoba ana risiti ya jeki.
Novemba, mvua zimeanza, lori limejaa,
na karatasi yake ya mwisho, tarehe ishirini na nane,
ni maji, chupa moja, juu ya mteremko wa Kitonga.

Hatujampata aliyepewa Desemba.
Kama ni wewe, njoo, hatukudai kitu.
Tuambie tu
kama walinunua lile tairi.